Mali bila daftari: somo la Eldoret kwa wanaosimamia kompyuta za biashara

Katika biashara zetu nyingi, kuanzia maduka ya jumla ya Mombasa hadi maghala ya nafaka huku bara, kuna mtu mmoja ambaye hakumbukwi mpaka kitu kisimame. Printa ikigoma anaitwa. Neti ikikatika anaitwa. Mkurugenzi akisahau neno lake la siri, anapigiwa simu usiku. Lakini siku ya kikao cha kupanga mwaka, siku ya kuamua kama kampuni itafungua tawi, itanunua mfumo mpya wa hesabu au itaanza kupokea oda kwa simu, mtu huyo hayumo chumbani. Huambiwa baadaye: tumeshanunua, wewe kazi yako ni kufunga tu.

Hoja yangu leo ni kwamba mpango huo unatugharimu pesa na unatugharimu wateja. Anayesimamia teknolojia katika biashara si fundi wa kuitwa, ni kiongozi, na ana lake la kusema kabla pesa hazijatoka. Lakini pia wenzangu wa fani hii wana lawama yao, kwa sababu wengi wetu tumeridhika kukaa na bisibisi na nyaya, tukiogopa kikao kuliko tunavyoogopa virusi.

Nayaandika haya nikiwa Plateau, nje ya Eldoret, kwenye njia ya kwenda Kaptagat. Kazi ndiyo iliyonileta. Wenyeji huniita Mswahili, nami nimezoea, kama nilivyozoea kuvaa sweta asubuhi, maana huku ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Watu wa hapa wanalima mahindi, ngano na viazi, na boma baada ya boma lina ng'ombe wa maziwa. Sisi wa pwani tunaijua Eldoret kwa wanariadha wake, au kwa malori yanayotoka Kilindini kuelekea Malaba, na kuanzia Agosti 2024 tunaijua kama jiji la tano la Kenya. Wachache wanaojua kwamba mfumo wa kompyuta unaotumika leo katika hospitali na zahanati za nchi zaidi ya 40 ulikuzwa hapa. Kisa hicho kina mafunzo kwa meneja yeyote wa teknolojia, awe anasimamia kompyuta 200 au kompyuta tatu za duka la vipuri.

Kabla ya kufika huko, tuanze na tatizo lenyewe.

Sistimu ndiyo ilisema

Kuna mnunuzi mmoja wa maziwa katika nchi hii ya juu, sitamtaja, aliyeniita nimwangalizie mfumo wake. Alikuwa amenunua programu ya bei kubwa pamoja na mizani za kielektroniki. Kwenye karatasi ya muuzaji kila kitu kilikuwa kizuri: mkulima analeta maziwa, mzani unapima, kiasi kinaingia kwenye mfumo, na mwisho wa mwezi pesa zinatumwa kwa simu.

Kilichokuwa kikitendeka ni kingine. Kwenye vituo viwili vya kukusanyia maziwa, neti ilikuwa ikipotea kila asubuhi. Makarani, ambao si wajinga, walirudi kwenye kaunta buku. Kila Jumamosi mmoja wao alikaa kwenye kompyuta kunakili kurasa za wiki nzima. Na kwa kuwa majina hapa hujirudia kama vile Mohamed na Fatuma wanavyojirudia kwetu, wakulima wawili wenye jina moja wakaunganishwa kuwa mtu mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa akileta lita 11 kila asubuhi akalipwa siku tisa pungufu. Kwa bei ya shilingi 45 kwa lita, hizo ni shilingi 4,455. Kwa kampuni ni hesabu ndogo. Kwake ilikuwa karo ya mtoto. Alikuja na kadi yake, na kadi ilikuwa sahihi. Karani akamwambia kosa ni la sistimu. Fundi wa programu, kwa simu kutoka Nairobi, akasema kosa ni la karani. Bosi akasema yeye amelipa kile sistimu ilichosema. Nilikuwepo mama huyo alipojibu, kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, ng'ombe wangu hakuacha kutoa maziwa hizo siku tisa."

Pesa zake zilirudi baada ya wiki kadhaa. Yeye mwenyewe hakurudi. Alihamia kwa mnunuzi mwingine, na majirani zake wanne wakamfuata.

Tazama mahali tatizo lilipokuwa. Mashine hazikuharibika. Programu haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza maswali manne kabla ya ununuzi: je, neti inafika kwenye vituo? Mkulima atatambulishwa kwa jina au kwa namba? Mfumo ukilala, karani afanye nini? Na mkulima akilalamika, nani anajibu? Maswali haya hayahitaji shahada, yanahitaji mtu aliyepewa kiti mezani na akakubali kukikalia. Wazee wetu wamesema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nami naongeza kwamba chombo kisicho na nahodha hata mmoja hakiendi popote.

Kompyuta mbili za Mosoriot

Sasa tuje kwenye kisa nilichoahidi. Ukitoka Eldoret kwa barabara ya Kapsabet, unaingia Nandi na kufika Mosoriot, ambako kuna kituo cha afya cha serikali. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ambao walikuwa na ushirikiano wa zaidi ya miaka kumi, waliweka pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa. Kituo cha afya cha mashambani kuwa na kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta lilikuwa jambo geni katika sehemu hii ya Afrika.

Vifaa vyao vingekufanya ucheke. Kompyuta mbili zilizounganishwa. Betri za akiba, na umeme wa jua kwa siku ambazo stima haipo. Programu ilijengwa juu ya Microsoft Access, ile ile ambayo sisi wenye diploma tulifundishwa muhula wa pili. Lakini angalia walivyofikiri.

Kwanza, walianza na kazi. Walitazama mgonjwa anapita wapi tangu mlangoni mpaka dirisha la dawa, nani anaandika nini, na ripoti gani zinatakiwa na Wizara ya Afya. Wakajenga mfumo unaofuata njia hiyo.

Pili, hawakumlazimisha daktari wala muuguzi kukaa kwenye kibodi. Aliyemhudumia mgonjwa aliendelea kuandika kwenye karatasi, ila karatasi ile iliundwa upya ili iwe rahisi kuingizwa. Makarani ndio waliopewa kazi ya kuingiza. Kuna watu watakaosema huo si mfumo wa kisasa. Ulikuwa ni mfumo unaotumika, na huo ni bora kuliko wa kisasa unaokwepwa.

Tatu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, walipima. Walisimama na saa wakaandika muda ambao mgonjwa na mhudumu walikuwa wakitumia kabla ya mfumo, kisha wakapima tena baada yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22, na muda wa kungoja ulipungua kwa asilimia 38. Meneja aliye na takwimu kama hizo hahitaji kumbembeleza bosi. Anaweka karatasi mezani na kungoja.

Kujua wakati wa kuvunja

Mfumo wa Mosoriot ndio uliozaa mfumo wa AMPATH, mpango wa Moi na Indiana wa kutibu wagonjwa wa Ukimwi ulioanza mwaka 2001 kwa kutumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kupatikana kwa wingi, na pesa za msaada wa Marekani zikaingia mwaka 2004, idadi ya wagonjwa ilipanda kwa kasi na kliniki zikaongezeka.

Mwezi Februari mwaka huo, madaktari wawili ambao pia ni wataalamu wa kompyuta, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, walikuja Eldoret kusaidia kupanua mfumo uliokuwepo. Walipouangalia waliona haupanuki. Ulikuwa umejengwa kwa zahanati moja, na kila daktari alipotaka swali jipya kwenye fomu, ilibidi mtu afungue mfumo na kuubomoa kidogo.

Hapo kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuendelea kutia viraka, ambayo ndiyo biashara zetu hupenda kwa kuwa haionekani kugharimu kitu. Ya pili ni kukubali kwamba chombo kilichovusha watu mtoni hakitavusha bahari, na kujenga kingine huku cha zamani kikiendelea kufanya kazi. Wakachagua ya pili. Baadaye mwaka ule ule walikutana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, ambaye alikuwa akijenga mfumo unaofanana na huo, na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Badala ya kila mmoja kujenga lake, waliunganisha nguvu. Ndivyo ulivyozaliwa OpenMRS, na mwezi Februari 2006 mfumo huo ulianza kutumika Eldoret.

Siri ya ufundi wake inaelezeka kwa lugha nyepesi. Katika mfumo wa kawaida, kila swali lina safu yake kwenye jedwali: safu ya jina, safu ya uzito, safu ya shinikizo la damu. Ukitaka swali jipya, unabadilisha jedwali, na kubadilisha jedwali ni kazi ya mtaalamu. OpenMRS ina kamusi katikati. Kila kitu kinachoweza kuulizwa au kupimwa kimeandikwa kwenye kamusi hiyo. Ukitaka swali jipya, unaongeza neno kwenye kamusi, huvunji nyumba. Kwa hiyo mtu wa Eldoret, aliyefunzwa Eldoret, anaweza kubadilisha fomu bila kumngoja mtu wa Indianapolis.

Jambo la pili ni kwamba ni programu huria. Yeyote anaweza kuichukua, kuisoma, kuirekebisha na kuitumia bila kulipa leseni. Wizara yetu ya Afya imeitumia kujenga KenyaEMR, iliyoanza kuwekwa kwenye vituo mwaka 2012 na sasa iko katika mamia ya hospitali na zahanati za serikali. Uganda nao wana UgandaEMR juu ya msingi huo huo.

Kuna utafiti mwingine wa Eldoret unaonifurahisha, uliochapishwa mwaka 2011 na kundi lililoongozwa na Martin Were, daktari Mkenya. Mfumo uliwekwa kuchapisha muhtasari wa mgonjwa kwenye karatasi, na chini yake kumkumbusha daktari kipimo kilichopitwa na wakati. Karatasi tu, iliyowekwa kwenye faili kabla mgonjwa hajaingia. Madaktari waliopata ukumbusho huo waliagiza vipimo zaidi kuliko wasioupata. Kompyuta ilikuwa ya daktari bila daktari kuigusa.

Mkakati ni nini basi?

Neno mkakati limechoshwa na semina za hotelini. Kwangu mimi, mkakati wa teknolojia ni karatasi moja inayojibu haya: biashara yetu inataka kufika wapi katika miaka mitatu, ni kazi gani zinazotuzuia, ni zipi kati ya hizo kompyuta inaweza kusaidia, tutaanza na ipi, tutaacha zipi, na nani atawajibika. Orodha ya vifaa vya kununua inakuja mwisho. Anayekuanzishia na orodha ya vifaa anakuuzia duka lake.

Nimekusanya mambo sita ambayo meneja wa teknolojia anaweza kuanza nayo Jumatatu, akiwa Plateau, Kongowea au Malindi.

La kwanza, tembea. Nenda ghalani, simama kaunta, panda lori na dereva. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, nia ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliojaribishwa wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Wasimamizi waliona, wakabadilisha mpango, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa kutuma pesa nyumbani. Wangekaa ofisini wakisoma ripoti za mikopo, leo tungekuwa bado tunampa konda wa basi bahasha.

La pili, kila mfumo uwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe wewe. Mfumo wa mishahara ni wa mkuu wa mishahara. Mfumo wa stoo ni wa mkuu wa stoo. Wewe unalinda na kuendesha. Yeye ndiye anayesema takwimu ni sahihi au si sahihi. Hapo maneno ya "sistimu ndiyo ilisema" yanakufa, kwa sababu sistimu haina ulimi.

La tatu, panga siku ya kulala. Mwezi Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, na nchi nzima ikagundua kwamba huduma zaidi ya 5,000 za serikali zimepita kwenye mlango mmoja. Waziri wa wakati huo alikiri shambulio na kusema data haikupotea, lakini waliotaka huduma siku hizo walibaki mlangoni. Watu wa Mombasa wanaofanya kazi ya uwakala wa mizigo wanalijua hili zaidi. Tangu mfumo wa dirisha moja wa KenTrade ulipozinduliwa mwaka 2014, hatutembei tena na mafaili kwapani kutoka ofisi hadi ofisi, alhamdulillah. Lakini siku dirisha likigoma, kontena haliondoki na ada ya kuhifadhi inaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo andika: mfumo ukilala kwa saa moja tunafanya nini? Ukilala siku nzima? Fomu za karatasi ziko wapi, zina namba, na nani ataziingiza? Kisha fanya mazoezi, kama wanavyofanya mazoezi ya moto.

La nne, nakala ya akiba isiyojaribiwa si nakala. Nimeona ofisi inayobadilisha diski ya nje kila Ijumaa kwa uaminifu, na hakuna siku hata moja waliyowahi kufungua diski hiyo kuona kama kilichomo kinasomeka. Kila miezi mitatu chukua nakala, irudishe kwenye kompyuta nyingine, na umwite mkuu wa hesabu athibitishe. Nakala moja ikae nje ya jengo. Moto na mafuriko havichagui chumba.

La tano, soma mkataba kabla ya kuingia, hasa ukurasa wa kutoka. Ukiachana na muuzaji, data yako utaipata kwa muundo gani, kwa muda gani, kwa bei gani? Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani kwa miaka mingi, mpaka zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kampuni kubwa kama ile iliona faida ya kuleta moyo wa biashara yake karibu na watumiaji wake. Wewe mwenye duka huenda usihitaji seva yako mwenyewe, lakini unahitaji kujua ya kwako iko wapi na ufunguo anao nani.

La sita, jua sheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu yeyote anayeshika habari za watu, na mkulima au mteja ni mtu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Usidhani ni maneno. Septemba 2023 Kamishna alitoza shule moja, kilabu kimoja na kampuni moja ya mikopo ya simu jumla ya shilingi 9,375,000. Shule ilikuwa imechapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ongeza hapo masharti ya KRA, kwamba kuanzia Januari 2024 gharama za biashara ziwe na risiti za eTIMS, utaona kwamba meneja wa teknolojia sasa anashika kitu ambacho zamani kilishikwa na wakili na mhasibu.

Zungumza kwa shilingi

Wenzangu hulalamika: bosi hanisikii. Mara nyingi hasikii kwa sababu tunamsemesha lugha isiyo yake. Ukimwambia seva imezeeka na kumbukumbu imejaa, umemwambia habari ya mashine. Jaribu hivi. Kaunta zetu nne huuza wastani wa shilingi 30,000 kwa saa zote pamoja. Mwezi uliopita mfumo ulilala saa sita. Hata kama nusu ya wateja walirudi baadaye, tumepoteza mauzo ya shilingi 90,000. Betri za akiba na laini ya pili ya neti zitagharimu 120,000. Je, tuendelee?

Hiyo ni hesabu ya mfano, weka takwimu zako. Lakini ona tofauti. Sasa bosi ana uamuzi wa biashara mbele yake, na akikataa anajua anachokataa. Liandike, litie tarehe, likae kwenye faili. Halafu chagua jambo moja dogo linalouma watu wengi, litatue ndani ya miezi mitatu, na pima kabla na baada, kama walivyopima Mosoriot. Imani hujengwa kwa jambo moja lililokamilika, si kwa mipango kumi.

Na usisahau watu. Ukiwa wewe peke yako unayejua maneno ya siri, hujawa mtu muhimu, umekuwa hatari kwa kampuni. Funza msaidizi. Andika. Siku ukienda Hijja, au ukiugua, kazi isimame kwa ajili ya nini?

Pingamizi mbili

Najua atakayesema: hao wa Eldoret walikuwa na pesa za Wamarekani, sisi tuna duka. Ni kweli, na sitaki kuipamba hadithi. Pesa za nje zilijenga mengi. Na ndiyo sababu ya kujifunza upande wake wa pili pia. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada iliyopitia USAID, vituo vingi vya afya nchini vilitikisika, na wafanyakazi wengi, wakiwemo wanaoingiza data, wakajikuta nje. Programu ilikuwa huria, lakini mshahara wa karani haukuwa huria. Kwa hiyo kila mkakati uwe na swali hili: baada ya miaka mitano nani atakuwa analipia? Biashara inayonunua mfumo kwa mkopo na kusahau ada ya kila mwaka, mafunzo na matengenezo imejiwekea mtego ule ule.

Lakini ukitoa pesa, yaliyobaki ni bure: kutembea, kuuliza, kupima, kuanza kidogo, kuwafunza wenyeji, na kukubali kuvunja kilichokwisha muda wake. Kompyuta zilikuwa mbili.

Wa pili atasema: sisi ni wadogo mno kuwa na mkakati. Ndugu yangu, mkubwa akikosea anaweza kumeza hasara. Mdogo akikosea mara moja, wateja watano wanahama, na watano ndio mtaa mzima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliosema hayo walikuwa na daftari la karatasi. Leo daftari ni la umeme, lakini kanuni haikubadilika: lazima awepo mtu anayeaminiwa kulishika, anayeulizwa kabla ya safari, na anayejibu mzigo ukipungua.

Nanyi wenye biashara, mwiteni mtu wenu wa kompyuta kwenye kikao kijacho. Msimpe ajenda ya mwisho, ya "mengineyo", wakati watu wameshaanza kutafuta viatu. Mpeni dakika ishirini za mwanzo na mumuulize swali moja: ni kitu gani katika shughuli zetu kinachokunyima usingizi? Kisha msimkatize. Na wewe utakayeulizwa, usiende mikono mitupu. Takwimu za wateja, mishahara ya watu na jasho la wakulima viko mikononi mwako, na hiyo ni amana kabla haijawa kazi. Andaa karatasi yako moja usiku huu.

Wabillahi tawfiq.